Kiwei za ndani: mashine ya sloti, brochi na presi, au kichwa cha kufunga kwenye milingi?

MkerezaMpole
Wakuu, habari za kazi. Nina karakana ndogo, mashine ya kukereza ipo, milingi ya wima ipo. Siku hizi puli, gia na kapulingi zinakuja nyingi na kila moja inataka kiwei ndani ya tundu, yaani mfereji wa kukalia ufunguo, kile kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti zizunguke pamoja. Kiwei napeleka nje kuchongwa, wananichelewesha, halafu anayetukanwa na mteja ni mimi. Nimeona nijitegemee. Mezani nina mambo matatu: mashine ya sloti (kisu kinachonga kikipanda na kushuka) ya mtumba yenye meza ya kuzunguka, seti ya brochi (vyuma vyenye safu ya meno vinavyosukumwa kupitia tundu) na presi ya mkono, au kichwa cha sloti cha kufunga kwenye milingi. Nichukue ipi? Naomba majibu mapema, mwenye sloti anasema kuna mteja mwingine anaitaka.

NyundoNzito
Sijawahi kuona mashine ya mtumba isiyo na "mteja mwingine".

BintiVyuma
Kaka, mashine umezitaja zote, kazi yenyewe hujaitaja. Upana wa kiwei ni kuanzia ngapi hadi ngapi? Kitovu, yaani sehemu ya katikati inayopitwa na shafti, kina urefu gani? Tundu linatoboka upande wa pili au lina kitako? Chuma gani? Vinakuja vipande vinavyofanana au kila kimoja na sura yake? Ukijibu hayo, nusu ya uamuzi imeshajifanya.

ShepaHaifi
Tafuta shepa ya zamani, ile ambayo kisu kinakwenda mbele na nyuma. Unafunga fimbo ndefu yenye kisu mbele, unaipitisha ndani ya tundu, kiwei inatoka. Na siku huna kiwei unasawazishia nyuso. Nashangaa vijana mmeisahau.

Cheche
Mambo ya mwaka 1836 hayo, shepa ilipobuniwa. Mkuu, kama pesa ipo nenda kwenye mashine ya kukata kwa waya na cheche za umeme. Pembe safi, vipimo vya mikroni, haina habari na chuma kigumu.

BintiVyuma
Cheche, mtu anauliza habari ya presi ya mkono, wewe unampeleka kwenye waya. Tumsubiri ajibu kwanza.

MkerezaMpole
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Matundu ni mm 25 hadi 50. Vitovu mm 40 hadi 90, mara chache vinazidi. Chuma laini na chuma cha kusubu. Karibu yote yanatoboka. Vipande ni kimoja kimoja, leo puli, kesho gia.

BintiVyuma
Sasa tunaongea. Kwa kipimo cha DIN 6885 (kiwango cha Kijerumani cha funguo na kiwei), shafti ya zaidi ya 22 hadi 30 inachukua ufunguo wa upana wa mm 8, hadi 38 unachukua 10, hadi 44 unachukua 12, hadi 50 unachukua 14. Kwa hiyo brochi nne zinakumalizia kazi yako yote. Kina upande wa kitovu ni mm 3.3 kwa hizo tatu za kwanza na 3.8 kwa ya 14. Brochi moja haifiki kina hicho kwa kupita mara moja: unaipitisha, unaweka kibati nyuma yake, unaipitisha tena, mpaka kina kitimie.

Kinachosahaulika ni bushi. Brochi haiwezi kusimama yenyewe ndani ya tundu, inahitaji bushi yenye mfereji wa kuiongoza, na bushi lazima ilingane na tundu. Matundu yako yakiwa ya vipimo vya ajabu, seti ya dukani haitakuwa nayo. Ila mashine ya kukereza unayo, utajitengenezea.

Upana unaopata ni ule wa brochi, basi. Kwa mtu anayefanya kazi kama yako mimi ningeanzia hapo.

ShaftiPinde
Kabla hajaingia kwenye sloti ya mtumba, naomba asome haya, maana mimi yalinipata na sitaki mwingine yampate.

Nilinunua sloti kwa muuzaji ambaye simtaji. Ilikuwa imepakwa rangi inang'aa, ramu (mkono unaobeba kisu) inapanda na kushuka bila kelele, meza inazunguka laini. Nikaichongea kipande cha majaribio pale pale, chuma cha kusubu, urefu kama mm 30, kiwei ikatoka safi. Nikalipa.

Kuifikisha karakanani ikaja gia yenye kitovu cha mm 85. Nikachonga, nikaingiza ufunguo: juu unaingia kwa kidole, chini unakwama. Nikadhani ni kisu, nikanoa upya. Yale yale. Nikaondoa kipande, nikafunga saa ya kupimia kwenye ramu, nikaweka pembe mraba mezani, nikaishusha ramu kwa mkono taratibu. Hapo ndipo nilipoona ramu inakimbia pembeni zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita kuanzia juu hadi chini. Reli zilikuwa zimelika katikati tu, pale ambapo mwenyewe wa zamani alifanyia kazi zake fupi miaka yote. Ukikaza kabari ya kubana reli ili katikati pakae sawa, ramu inagoma ikifika mwisho. Ukilegeza ili mwisho upite, katikati panacheza. Kile kipande changu cha majaribio cha mm 30 kilikuwa kimekaa kwenye eneo lenye afya.

Haijaishia hapo. Gurudumu la kuzungushia meza lilikuwa na mchezo kiasi cha robo ya mzunguko kabla meza haijaanza kusogea. Gia yenye kiwei mbili za kukabiliana ikatoka zimepishana, ikawa chuma chakavu, na gia nikailipa mimi. Baadaye nilipokwangua rangi chini ya meza nikakuta ufa ulioungwa kwa kuchomelea. Muuzaji akasema niliikagua mwenyewe na nikaridhika. Kukwangua zile reli upya kuligharimu karibu sawa na mashine.

Kwa hiyo mkuu nenda na saa ya kupimia na pembe mraba. Pima ramu katika urefu wote wa mwendo, siyo katikati. Rangi mpya isikufurahishe.

NyundoNzito
Pole sana. Rangi mpya kwenye mashine kuukuu mimi huwa nainusa kama samaki, nikiona inang'aa naondoka.

RamuWima
Pole ShaftiPinde, ila hilo ni kosa la mashine iliyochakaa, siyo kosa la sloti. Milingi iliyochakaa nayo ingekuharibia kazi.

Mkereza, mimi natumia sloti kila siku. Uzuri wake ni kwamba upana unauamua mwenyewe. Brochi ya 10 inachonga 10 tu, sloti inachonga 10, 10.2, kiwei ya mshazari wa 1 kwa 100 kwa ajili ya ufunguo wenye kichwa, meno ya ndani, tundu la mraba, yote kwa kisu ulichonoa mwenyewe. Kwa mtu wa kipande kimoja kimoja huo ndio uhuru.

Mwendo wake: kisu cha HSS (chuma cha kasi) kwenye chuma laini chukua mita kama 15 kwa dakika. Ramu nyingi zinarudi juu haraka kuliko zinavyoshuka, tuseme kurudi kunachukua theluthi mbili ya muda wa kushuka. Mwendo wa mm 100 unakupa mapigo kama 90 kwa dakika. Kina ongeza mm 0.05 hadi 0.1 kwa kila pigo. Kabaidi iache, inamegeka kwa kugongwa gongwa. Chuma cha kusubu chonga kikavu, chuma laini kipe mafuta.

Cheche
Na kichwa cha kufunga kwenye milingi hamkigusi? Anacho kwenye orodha.

RamuWima
Kinafanya kazi. Mwendo wake ni mfupi kwa kawaida, na nguvu ya kukata yote inabebwa na kichwa cha milingi kilichoning'inia. Kiwei ya 8 kwenye kitovu cha 40 utafurahi. Ya 14 kwenye kitovu cha 90 kisu kitakuwa kirefu na chembamba, kitatetemeka mpaka meno yako yaume. Fimbo ukiirefusha mara mbili, kupinda kwake kunaongezeka mara nane. Hiyo hesabu haina mashine inayoikwepa, hata yangu.

TupaMkononi
Nyote mnamtajirisha muuzaji. Mashine ya kukereza anayo! Funga kipande kwenye chaki, zuia spindo isizunguke, weka kisu cha upana wa kiwei kwenye fimbo ya kupanulia matundu, sukuma behewa kwa mkono mbele na nyuma, 0.05 kila safari. Kiwei nyingi zimetoka hivyo.

RamuWima
Na reki ya behewa imelika hivyo hivyo. Kiwei ya 14 kwenye kitovu cha 90 kwa mkono? Utamaliza kesho ukiwa na bega moja. Kwa dharura sawa, kwa biashara hapana.

TupaMkononi
Kuna kifaa cha mkono mrefu unakifunga kwenye kitanda cha mashine, kinasukuma kisu chenyewe, reki haiguswi kabisa. Tengeneza mwenyewe kwa vyuma vya karakanani.

ShepaHaifi
Yaani mnazunguka kote huko mnarudi kwenye shepa! Ramu inayokwenda mbele na nyuma kwa mkono wa mtu si shepa hiyo? Na sloti ni shepa iliyosimamishwa wima, hakuna jipya.

Cheche
Mzee wangu, sloti ina undugu na mashine za kutoboa vishimo vya mbao alizobuni mhandisi Brunel kwa ajili ya puli za meli kule Portsmouth, Uingereza, miaka ya mwanzo ya 1800. Shepa, aliyoibuni Nasmyth, ilikuja baadaye. Sasa nani kamsimamisha nani?

ShepaHaifi
Hizo zilikata mbao. Tunaongelea chuma hapa.

BintiVyuma
Nyie wawili fungueni uzi wenu. Mkereza, uliandika "karibu yote yanatoboka". Yasiyotoboka ni yapi?

MkerezaMpole
Dada, kuna kapulingi za mteja mmoja, tundu lina kitako. Halafu kuna gia zinakuja zimeshatiwa ugumu, anataka kiwei ipanuliwe kutoka 10 hadi 12. Si nyingi, lakini ndiye anayelipa vizuri.

BintiVyuma
Hayo ndiyo ulipaswa kuanza nayo! Brochi ya kusukuma inapita tundu zima na kutokea chini. Kwenye tundu lenye kitako haina pa kwenda. Naondoa nusu ya ushauri wangu. Kwa zinazotoboka bado nasema brochi.

RamuWima
Kitako sloti inaweza, kwa sharti moja: mwisho wa kiwei kuwe na mfereji wa mviringo uliokerezwa ndani ya tundu, maranda yakatike hapo na kisu kipate pa kupumulia. Bila mfereji huo kisu kinagonga ukuta. Muulize mteja kama mchoro unaruhusu. Gia ngumu usiziguse kwa HSS.

Cheche
Gia ngumu si ndiyo kazi ya cheche? Akina Lazarenko, wanasayansi wa Kisovyeti, walianza kuula chuma kwa cheche za umeme mwaka 1943 na tangu hapo ugumu siyo kisingizio. Kinachotakiwa ni chuma kipitishe umeme tu.

NyundoNzito
Na zile kapulingi za kitako, waya wako unapitia wapi?

Cheche
Za kitako waya haupiti, sawa. Hizo ni za mashine ya elektrodi. Gia ngumu azipeleke nje kwa mwenye waya, asinunue.

ShaftiPinde
Naunga mkono hilo. Ila mkuu, hivi hao wateja wanahitaji kiwei kweli? Puli nyingi siku hizi zinafungwa kwa bushi ya mshazari, unakaza skrubu, inabana shafti. Nyingine hazina ufunguo kabisa.

RamuWima
Bushi nyingi za mshazari nazo zina kiwei ndani. Na gia ya mzigo wa kugonga gonga siwezi kuiachia msuguano peke yake.

TupaMkononi
Mimi nimeziona zimefungwa bila ufunguo kwenye mashine ya kusaga mawe, na zinadunda.

RamuWima
Zitadunda mpaka siku zitakapozunguka juu ya shafti.

MkerezaMpole
Nawasoma wote. Leo nimekwenda kuiona ile sloti na saa ya kupimia kama alivyosema ShaftiPinde. Ramu imetofautiana mm 0.03 kwenye mwendo wa mm 120. Gurudumu la meza lina mchezo kidogo. Rangi ni ya zamani, imebabuka. Tatizo jipya: mota yake ni ya fezi tatu na karakanani nina fezi moja.

BintiVyuma
0.03 kwenye 120 kwa mtumba siyo mbaya. Kwa ufunguo wa 10, ukichonga kwa JS9 (daraja la tofauti inayoruhusiwa kwenye upana) una nafasi ya jumla ya mm 0.036, na kitovu cha 90 hakitaila yote. Mchezo wa meza uumalize kwa kuzungusha upande mmoja daima, halafu funga kikaza meza kabla ya kuchonga.

Cheche
Fezi siyo tatizo, weka inveta. Inaingia fezi moja inatoka tatu.

NyundoNzito
Siyo haraka hivyo. Inveta ya kawaida ikila volti 230 za fezi moja inatoa 230 za fezi tatu, haizidishi. Soma kibati cha mota. Kikisema 230/400, fungua kisanduku cha nyaya uigeuze kutoka nyota kwenda pembetatu, itafanya kazi. Kikisema 400/690, inveta hiyo haitaitosha mota, utapoteza nguvu karibu nusu.

TupaMkononi
Au ung'oe mota uweke ya fezi moja. Mkanda ni mkanda.

NyundoNzito
Ya fezi moja kwenye mzigo unaopanda na kushuka? Labda mashine ndogo. Mkereza, mota ni ya kilowati ngapi?

MkerezaMpole
Kibati kimejaa girisi. Nimepiga picha, nimeiambatisha hapa.

NyundoNzito
Picha haifunguki.