Naomba ushauri: nitenganishe chumba cha kusikilizia muziki na sebule ya sinema, au vyote vikae pamoja?

Mkazi wa Goba (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Naomba ushauri wenu kabla fundi wa plasta hajaanza kazi, kwa kuwa baada ya hapo kila badiliko litakuwa ni la kubomoa. Boma langu la Goba limeshaezekwa, madirisha bado, na mabomba ya umeme yataanza kupitishwa ukutani wiki ijayo. Sebule ina mita 6 kwa 4.5, na upande mmoja imefunguka kuelekea sehemu ya kulia chakula. Nyuma kabisa, upande wa uani, kuna chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 ambacho kwenye ramani kimeandikwa cha wageni, nacho kimepakana na stoo yenye upana wa mita 1.5. Dari itakaa mita 3 kutoka sakafuni.

Ninazo spika mbili za kusimama sakafuni, amplifaya ya stirio na kicheza santuri, vitu nilivyovikusanya taratibu kwa miaka. Mke wangu na watoto wanataka sinema ya nyumbani yenye spika tano na sabufa, na ni haki yao, maana jioni na mwisho wa wiki familia nzima huwa mbele ya runinga. Mimi husikiliza zaidi dansi la zamani na taarabu, na ninapenda nisikie kila mpigaji amekaa wapi, gitaa la solo lisichanganyikane na la rithimu. Fundi wangu anasema risiva moja nzuri (amplifaya ya sinema inayoendesha spika nyingi) itamaliza kazi zote mbili pale sebuleni, na chumba cha nyuma kibaki cha wageni. Je, kutenganisha kuna faida ya kweli inayosikika, au nitakuwa ninapoteza chumba bure?

Msikilizaji wa Upanga

Ndugu mleta mada, tenganisha, na uamue hivyo kwa kuangalia vyumba kabla ya kuangalia vifaa. Muziki wa stirio hutoka kwenye spika mbili tu. Sauti ya mwimbaji unayoisikia katikati yake haina spika yake pale. Ubongo ndio unaoijenga pale masikio mawili yanapopokea sauti ileile kwa wakati mmoja na kwa nguvu moja. Ili hilo litokee, spika mbili na kichwa chako hutakiwa kufanya pembetatu yenye pande sawa, yaani ukiwa kwenye kiti uone spika zimeachana kwa nyuzi 60, na upande wa kushoto wa chumba ufanane na wa kulia. Sebule yako ina ukuta upande mmoja na uwazi upande wa pili, hivyo spika moja itarudishiwa sauti na ukuta huku nyingine ikikosa, na mwimbaji atavutwa upande mmoja muda wote. Kiti kizuri cha stirio, kwa kweli, ni kimoja.

Sinema imetengenezwa kwa ajili ya kochi zima. Mazungumzo yana chaneli yao, yaani njia yao ya sauti, ya katikati, kwa hiyo hata mtoto aliyekaa pembeni husikia maneno yakitoka kwenye picha. Mpangilio wa kimataifa wa chaneli tano huweka spika za mbele nyuzi 30 kushoto na kulia, na zile za kuzunguka kati ya nyuzi 100 na 120, kisha sabufa hubeba besi, mara nyingi kuanzia Hz 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) kwenda chini. Sebule iliyofunguka haitaiharibu sana kazi hiyo. Ongeza kwamba runinga kubwa ni bapa la kioo lililosimama katikati ya spika zako mbili, mahali hasa ambapo kwenye stirio ungependa pawe patupu.

Umetaja dansi la zamani. Rekodi nyingi za enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam ni za chaneli moja, na kwangu hizo ndizo kipimo bora cha chumba. Spika zikikaa sawasawa, bendi nzima inasimama katikati kwenye mstari mwembamba, waimbaji mbele na tarumbeta nyuma yao. Ikitawanyika, au ikielemea upande mmoja, basi mpangilio wa spika au chumba chenyewe kina kasoro. Risiva ikiachwa izigawe rekodi hizo kwenye spika tano, kipimo hicho kimepotea na muziki umepotea pamoja nacho.

Sasa tatizo la chumba chako cha nyuma ni umbo lake. Katika joto la Dar es Salaam sauti husafiri takriban mita 347 kwa sekunde, na kila pande mbili za kuta zinazotazamana hukuza noti ya besi ambayo urefu wa wimbi lake ni mara mbili ya umbali wa kuta hizo. Kwa mita 3.6 hiyo ni Hz 48 hivi, na kwa kuwa urefu na upana wako ni sawa, noti hiyohiyo inakuzwa mara mbili: gitaa la besi likiipitia litavuma, likiiacha litanywea. Ukiunganisha chumba na stoo, pamoja na unene wa ukuta utakaoondoka, utapata karibu mita 5.25 kwa 3.6 kwa 3, na noti hizo zitaachana vizuri kwenye Hz 33, 48 na 58. Hakuna kifaa utakachonunua Kariakoo kitakachokupa faida inayolingana na hiyo.

Mdau wa Kurasini

Nayaheshimu maelezo ya ndugu wa Upanga, ila naomba niseme kwa niaba ya wale wanaoona vinginevyo. Vyumba viwili maana yake ni viyoyozi viwili, mapazia mara mbili, spika seti mbili, na mwisho wake mara nyingi ni kuwa na vyumba viwili ambavyo vyote havikukamilika. Zipo amplifaya za stirio zenye ingizo maalumu linalopitisha sauti ya risiva bila kupitia kidhibiti chake cha sauti. Risiva yenye matundu ya kutolea sauti ya chaneli za mbele kwa ajili ya amplifaya ya nje huunganishwa hapo, spika zako kubwa zikatumika kwenye filamu, na ukitaka santuri unaizima risiva kabisa, njia ya muziki ikabaki safi. Spika zikivutwa mbele ya meza ya runinga, likawekwa na zulia zito sakafuni, utapata sehemu kubwa ya unachokitafuta.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nalithamini kuliko vipimo. Muziki ukifungiwa chumba cha uani, watoto wako hawatausikia. Wangu wanaufahamu mziki wa dansi kwa sababu tu ulikuwa unapigwa sebuleni wakati wakifanya kazi za shule.

Msikilizaji wa Upanga

Hoja ya watoto naikubali kwa moyo wote, na mwenye chumba kimoja afanye kama ulivyoeleza, maana ndiyo njia sahihi kwake. Mleta mada anacho chumba cha pili tayari, na spika za stirio anazo, kwa hiyo gharama mpya ziko upande wa sinema ambao angeugharimia kwa vyovyote vile. Halafu kuna suala la muda: saa mbili usiku familia iko kwenye taarifa ya habari na tamthilia, na hiyo ndiyo saa ambayo yeye anataka santuri. Waya wowote hautapatanisha hilo.

Seremala wa Keko

Kaka, mimi nitagusia mbao na kuta tu. Ukuta wa kati ya chumba na stoo usiguswe kabla mhandisi hajapanda juu kuangalia kama umebeba kenchi za paa. Ukiwa wa kugawanya tu, utaondoka bila shida. Ukiwa umebeba, bado unaweza kuacha nguzo mbili pembeni na kumwaga boriti ya zege juu, ila hilo liamuliwe na anayejua hesabu za nondo.

Mlango ndio utakaoamua kama familia italala. Milango ya kisasa yenye uwazi ndani hupitisha sauti nyingi, hata uifunge kwa kufuli. Weka mlango wa mbao ngumu iliyojaa, mninga au mkongo, fremu izibwe kwa saruji pande zote bila kuacha mwanya nyuma yake, kisha uzungushiwe mpira na chini uwe na kizingiti cha kuufunga. Mwanya mdogo chini ya mlango unatosha kuiharibu kazi yote ya juu. Dari ya jipsamu ifungwe kwa skrubu kwenye fremu za mbao zilizo karibu karibu, kwa sababu ubao uliolegea hutetemeka besi ikipita, na utausikia ukilia kila wimbo.

Kuhusu kufyonza sauti, tengeneza fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10, ndani weka sufi ya mawe (rock wool) iliyobanwa, mbele vuta kitambaa. Kitambaa kijaribu dukani: kiweke mdomoni na upulize; pumzi ikipita bila kusumbuka, sauti nayo itapita. Mahali pa kuzitundika ni rahisi kupajua. Kaa kwenye kiti chako, mtu atembeze kioo cha kujitazamia ukutani usawa wa masikio yako, na pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo fremu inapokaa, kushoto na kulia. Kwenye kona za nyuma weka fremu nene zaidi, kuanzia chini hadi darini, maana besi hujikusanya konani. Sufi ya msufi inafyonza vizuri na inapatikana, lakini inashika moto upesi mno, na mimi siwezi kumwekea mteja kitu cha namna hiyo karibu na nyaya.

Fundi Umeme, Tabata

Kwa kuwa plasta bado, haya yafanywe sasa. Chumba cha muziki kipate saketi yake yenyewe kutoka kwenye ubao mkuu wa umeme, isiyochangia na friji wala pampu ya maji, na udongo wa umeme wa nyumba (ethi) upimwe na fundi aliyesajiliwa. Mvumo wa Hz 50 ambao watu wengi huulalamikia kwenye spika zao mara nyingi husababishwa na vifaa vilivyoungwa udongo kwa njia mbili tofauti, kwa mfano amplifaya kupitia plagi yake na king'amuzi kupitia waya wa dishi. Mifumo ikitenganishwa, na chumba cha muziki kisiwe na king'amuzi, chanzo hicho hakipo kabisa.

Sebuleni pitisha bomba pana kutoka kwenye runinga hadi kwenye kabati la risiva, na uache waya wa kuvutia ndani yake. Kichwa cha HDMI hakipiti kwenye mabomba membamba ya kawaida, na watu huligundua hilo rangi ikiwa imeshapakwa. Nyaya za spika za nyuma ziwe za milimita za mraba 2.5, zipite bomba lao, mbali na nyaya za umeme.

Mkazi wa Goba (mleta mada)

Nawashukuru sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Nabaki na maswali mawili. Rafiki yangu amenishauri nibandike trei za mayai kuta zote, ni sahihi? Na joto letu la mwezi wa pili na wa tatu nitalimudu vipi kwenye chumba kilichozibwa hivi?

Msikilizaji wa Upanga

Trei ziache. Ni karatasi nyembamba, haziwezi kuishika besi: wimbi la Hz 100 lina urefu wa karibu mita 3.5. Zitapunguza kidogo sauti nyembamba za juu na kukuachia mvumo wote wa chini, hivyo chumba kitasikika kizito na kimefifia kuliko kikiwa kitupu, tena zinaungua haraka.

Kiyoyozi huwezi kukikwepa. Chukua cha inveta (kinachoweza kupunguza mwendo wake), kikubwa kidogo kuliko chumba kinavyohitaji, ili kifanye kazi kwa mwendo wa chini ambapo feni yake haisikiki sana. Kipoze chumba mapema kabla hujakaa kusikiliza. Mashine ya nje iwekwe chini kwenye zege, isining'inizwe kwenye ukuta wa chumba hichohicho. Kiyoyozi kitakusaidia pia kupunguza unyevu, ambao hapa kwetu huotesha ukungu kwenye maganda ya santuri. Santuri zisimamishwe wima, mbali na dirisha la magharibi, maana joto huzipinda. Kagua na mizunguko ya spika zako, yaani ukingo laini unaoizunguka koni: kama ni ya sponji, hali yetu ya hewa huila ikawa unga, na inabidi ibadilishwe, ya mpira hudumu zaidi.

Mkazi wa Goba (mleta mada)

Mrejesho, ndugu zangu. Mhandisi amepanda juu na kuona kwamba ukuta wa stoo haukubeba paa, na umeshaondolewa. Kochi la pili la sebuleni mke wangu amekubali liwe la wageni kulala. Ndugu wa Kurasini, hoja yako sikuiacha: sebuleni kutakuwa na risiva yenye spika zake, na muziki utapigwa pale kila siku kwa wote. Spika zangu zinaingia chumba cha nyuma. Naomba vipimo vya kuanzia, na mahali pa kuweka kicheza santuri.

Msikilizaji wa Upanga

Safi sana. Elekeza spika kwenye urefu wa chumba. Anza na mita 1.4 kutoka ukuta wa mbele hadi uso wa spika, mita 2.1 kati ya spika na spika, hivyo kila moja itakuwa sentimita 75 kutoka ukuta wa pembeni. Kiti kiwekwe ili masikio yawe mita 2.1 kutoka kila spika, na hapo utakuwa umebakiza mita 2 nyuma yako. Cheza rekodi ya chaneli moja, sogeza spika kidogo kidogo mpaka mwimbaji asimame katikati, kisha weka alama sakafuni kwa utepe. Kicheza santuri kikae kwenye rafu nzito iliyofungwa kwenye ukuta wa tofali, nje ya kona, kwa sababu besi ya konani hurudi kwenye sindano na kuzaa mvumo. Mwambie seremala atumie pima maji pande zote mbili za rafu kabla ya kukaza boliti.