Wavulana wanapungua kila mwaka: tuzisome vipi takwimu za shule ndogo?

Mjumbe wa Kamati
Ndugu walimu, shule yetu ya serikali, yenye mkondo mmoja (chumba kimoja kwa kila darasa), iko katika kijiji cha wafugaji hapa Tanzania. Darasa la sita la sasa liliandikisha wavulana 17 na wasichana 17 lilipoanza, lakini leo wavulana waliobaki ni 8. Kwenye kikao imependekezwa tuunganishwe na shule ya ng'ambo ya korongo. Je, takwimu hizi zinatosha kuamua hivyo?

Mwalimu wa Takwimu
Hazitoshi, ndugu mjumbe. Katika shule ndogo, boma moja likihama asilimia zote huyumba. Liacheni jedwali lililobandikwa ofisini, mfungue rejista za mahudhurio: mkikuta utoro unaanza Julai malisho yanapokauka na unakoma mvua zinaporudi, watoto hao hawajaacha shule, wamefuata ng'ombe. Ila msibakize wanafunzi hewa kwa ajili ya ruzuku. Ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo ni 6,000 tu zinazoingia kwenye akaunti ya shule. Majina 10 ya uongo yanawaletea 60,000 na aibu siku ya ukaguzi.

Mwalimu Mstaafu
Nami naomba mtenganishe takwimu kwa umri, kwa sababu kijijini kama hapo mtoto huandikishwa akiwa na miaka 8 au 9, tarehe ya kuzaliwa ikitoka kwenye kadi ya kliniki au kwenye kumbukumbu ya mama yake, na mvulana wa miaka 14 anayekaa dawati moja na wa miaka 10 huona bora akachunge. Kuhusu walimu, uwiano wa 1:45, yaani mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, huzionea shule ndogo: watoto 135 huhesabiwa walimu 3, ilhali madarasa, pamoja na la awali, ni 8. Na hilo korongo, masika mtoto wa awali atalivukaje? Ombeni shule shikizi, yaani tawi la shule mama lililo karibu na watoto wadogo, kabla ya kukubali kuunganishwa.

Mjumbe wa Kamati
Shikamoo, Mwalimu. Jana tulikesha na rejista. Kati ya wale wavulana 9 waliopungua, watano hurudi kila Novemba, watatu walihama na wazazi bila barua ya uhamisho, na mmoja hakuwahi kuwapo: jina la mwenzake liliandikwa mara mbili, kwa "r" na kwa "l".