MJADALA: Aliyezaliwa Malindi bila kipande, ni mgeni au ni mwenzetu?

Ndugu zangu, juzi barazani tulibishana hadi adhana ya isha. Mzee mmoja ninayemheshimu alishika kwamba vitambulisho visigawiwe kama njugu: mpaka wa Somalia si mbali, na Mpeketoni, huko Lamu, mwaka 2014 waliuawa watu zaidi ya 60 katika shambulio ambalo Al-Shabaab wa Somalia walidai ni lao. Hofu hiyo naielewa. Lakini naona amelenga siko.

Mtazameni jirani yangu. Babu yake alitoka Pemba na ngalawa, akapiga dago (kambi ya wavuvi) huku, akaoa, hakurudi tena. Baba yake kazikwa hapa hapa. Yeye ana miaka arobaini na kitu na hana kipande, yaani kitambulisho. Laini ya simu imeandikishwa jina la shemeji yake, kwa hiyo siku ya samaki wengi pesa za mnada huingia kwa shemeji kwanza, naye hungoja akatiwe zake. Mwaka jana aliibiwa mashine ya boti, hakwenda kuripoti. "Nitaulizwa kitambulisho kabla ya kuulizwa mashine," aliniambia, huku anashona wavu, hata macho hakuinua.

Wengi wetu twadhani ukizaliwa Kenya basi ushakuwa Mkenya. Sivyo. Kifungu cha 14 cha Katiba kinatazama uraia wa baba au wa mama, si mahali ulipozaliwa. Ndipo asiye na karatasi akamzaa asiye na karatasi. Sheria ya uraia ya 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na utaifa waliokuwa nchini tangu 12 Desemba 1963, na vizazi vyao pia, ila kwa muda maalumu: miaka mitano, ikaongezwa mitatu. Mwaka 2019 ukafungwa. Wamakonde, wenye asili ya Msumbiji, iliwabidi waondoke Kwale kwa miguu mwaka 2016 kwenda kumwona Rais Nairobi ndipo wakasikizwa. Wapemba walitambuliwa 2023, na wengi tulilia kwa furaha siku ile. Jirani yangu, maafisa walipokuja kuandikisha, alikuwa dago upande wa Kipini.

Sasa huo usalama. Mwenye kipande kachukuliwa alama za vidole na chifu ajua nyumba yake. Asiye nacho ndiye asiyejulikana, na ndiye anayelazimika kutoa chochote kila akisimamishwa njiani. Nani hapo anafaidika, kama si mla rushwa?

Kwa hiyo nasema muda ule wa 2019 ufunguliwe tena, usiwe na mwisho, na ushahidi wa chifu pamoja na wazee wa mtaa utoshe kwa mtu ambaye kijiji kizima chamjua tangu utotoni. Mnaopinga, karibuni, tena nawasikiliza kwa moyo mmoja. Ila nijibuni na hili: huyu arudishwe wapi? Pemba hajawahi kukanyaga, na hana jamaa hata mmoja huko anayemjua kwa jina.