Naomba ushauri wa chesi (sataranji): Sisiliani ya Dragon inanimaliza

Wakuu, habari zenu. Nikicheza na nyeusi naingia ufunguzi uitwao Sisiliani, tawi lake la Dragon (herufi na namba ni mraba kete inapokwenda; N ni farasi, B askofu, Q malkia, x kula): e4 c5, Nf3 d6, d4 cxd4, Nxd4 Nf6, Nc3 g6. Utamu wake ni yule askofu wa g7 anayefyeka mshazari mrefu hadi a1. Balaa ni mweupe akipanga Be3, f3, Qd2, mfalme wake akajificha upande wa malkia, kisha h4, h5. Njia ya h, upande wa mfalme wangu, ikishafunguka, nimekwisha.

Nasikia dawa ni kutoa ngome yangu ili nile farasi wa mweupe aliye c3. Nimejaribu, mara nyingi nabaki sina ngome tu! Mnajuaje wakati wake umefika? Na mazoezi je, nikariri mistari kwanza au nicheze michezo ya dakika 10 nikipigwa? Kompyuta inanipa namba za nani yuko mbele, sababu hainipi.