Nyumba ilikwenda na maji, nimeanza kuswali, lakini kilio hakiishi. Naomba ushauri

Mtoto_wa_Kigogo:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nyumba yangu ilikuwa Kigogo, Dar es Salaam, bondeni, jirani kabisa na Mto Msimbazi. Vyumba vitatu, nimejenga kwa kudunduliza miaka tisa. Masika haya mto ulijaa usiku, tukatoka na watoto mgongoni na begi la vyeti. Kunakucha, ukuta wa nyuma haupo. Siku ya tatu nikauona mlango wangu wa mninga, ule niliotengenezesha Keko, umenasa kwenye nguzo ya daraja, kitasa bado kinang'aa. Nililia mbele za watu.

Mzee mmoja alitupa chumba cha uani. Alfajiri akanigongea twende msikitini, wala hakuniuliza kama naswali. Mimi nilikuwa Mwislamu wa Idi na misiba tu. Siku ile kwenye sijda nilihisi kama nimetua gunia. Sijaacha tena mpaka leo.

Sasa tumepanga Chanika. Kila Jumamosi napanda daladala, nasimama kwenye kile kifusi, nalia, narudi. Mke wangu ananiuliza, kama kweli umeridhia kadari ya Mungu, unalia nini? Yeye tangu siku ile hajaitaja nyumba hata mara moja. Je, imani yangu ni ya mdomoni?

Bibi_Chamazi:
Pole mwanangu. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kulia si kukufuru. Lia, kisha uswali.

Fundi_Rangi:
Mkuu, mimi Mkristo, lakini hili nimelipitia. Watu wanapenda kumnukuu Ayubu, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Aya ya kabla yake wanairuka: alirarua joho lake, akanyoa kichwa, ndipo akasujudu. Sisi ni wa mafuriko ya Desemba 2011, tukahamishiwa Mabwepande, tukaanzia kwenye mahema. Muda mrefu sikupanda hata mche, nikijua nitarudi tu bondeni. Siku niliyochimba shimo la mwembe ndipo moyo wangu ulipohamia kule. Ilichukua muda, ndugu yangu, na Mungu hakunikimbiza.

Dereva_Mstaarabu:
Amini, ila bondeni usirudi kujenga. Mfunge ngamia kwanza, ndipo utawakali, yaani umwachie Mungu.

Mama_Wawili:
Mimi nina wasiwasi na shemeji. Aliyenyamaza hivyo anaumia kuliko wewe. Umewahi kwenda naye hizo Jumamosi?

Mtoto_wa_Kigogo:
Nawashukuru wote, Mungu awalipe. Dada Mama Wawili, sijawahi. Niliona namwepusha na uchungu. Jana usiku nimemwambia twende. Akakaa kimya kitambo, akaniuliza kama ule mlango bado umenasa pale darajani. Jumamosi tunakwenda wote.