Utafiti wa saratani na vyuo vya nje: mfadhili akiondoka nani anabaki?

MkaziWaUpanga:
Wakuu habari zenu, naomba tuliongee hili bila kutukanana. Makerere wana wenzao wa Seattle, Muhimbili wana wa San Francisco, Eldoret wana wa Indiana, makubaliano yanasainiwa, picha zinapigwa, vijana wanapelekwa shule. Swali langu ni moja, hela ikikata nini kinabaki kwetu?

Uganda Cancer Institute ilianza 1967 pale hospitali ya Mulago, Kampala, Makerere pamoja na Wamarekani, kwa ajili ya watoto wenye ule uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza 1958, na ni pale pale ilipoonekana wazi kwamba dawa za kemo zinaweza kumponya mtoto. Amin akashika nchi, Wamarekani wakaondoka, na taasisi ingeweza kufa siku hiyo hiyo. Haikufa kwa sababu alikuwepo Charles Olweny, Mganda aliyekuwa anafanya nao kazi humo ndani, akaishika yeye. Hicho ndo kipimo changu mpaka leo.

Sasa njoo huku. Ushirikiano na Fred Hutch, kile kituo cha utafiti wa saratani cha Seattle, ulipoanza 2004 daktari bingwa wa saratani Uganda nzima alikuwa mmoja, Dk. Jackson Orem, na kiukweli wamesomesha wengine, hilo nawapa. 2015 likafunguliwa jengo jipya la pamoja, kliniki na maabara humo humo. Mwaka uliofuata mashine pekee ya mionzi ya nchi, ile ya kobalti ya tangu miaka ya 90, ikafa, na ikapita zaidi ya mwaka na nusu kabla ya kupata nyingine, wenye uwezo wakaenda Nairobi na wasio na uwezo wakakaa na maumivu yao. Siwalaumu Fred Hutch, mashine ya mionzi ni jukumu la serikali, ila mnaona utafiti ulivyoenda mbele na tiba ikabaki nyuma?

BintiKisumu:
Ndugu yangu hapo kwa utafiti umeupunja. Huku kwetu KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na University of Washington walifanya utafiti wa KEN SHE, wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 kutoka Kisumu, Thika na Nairobi, wakapima kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha badala ya mbili au tatu. Baada ya miezi 18 kinga ilikuwa 97.5% dhidi ya zile aina mbili za virusi zinazoleta kansa nyingi ya mlango wa kizazi. Mwanza nako utafiti wa DoRIS ukaonyesha damu ya watoto wa kike inajenga kinga kwa dozi moja. 2022 WHO wakakubali dozi moja, na nyinyi Tanzania mkahamia huko 2024. Hesabu mwenyewe, chanjo ile ile inafikia wasichana mara mbili, na hakuna tena kumtafuta msichana aliyehama shule kabla ya dozi ya pili. Hela ya utafiti mkubwa hivyo serikali gani ya huku ingetoa? Mi nasema waje, tena waje wengi.

MtuWaMaabara:
Dada Kisumu uko sahihi lakini umeongelea matokeo, mwenzio anaongelea watu. Mi nimefanya mradi mmoja siutaji jina. Bayopsi, yaani kipande cha uvimbe cha kupima, tunakata sisi, fomu tunajaza sisi, mgonjwa tunambembeleza kwa lugha yake sisi, alafu sampuli inapanda ndege na barafu kavu na data inachambuliwa huko huko. Makala ikitoka jina la kwanza lao, la mwisho lao, zile nafasi zenye heshima, sisi tumebanwa katikati. Na wote tulikuwa mikataba ya mradi. Mei 2025 NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ilipotangaza haitoi tena hela mpya kwa mtindo ule wa chuo cha kule kupokea kisha kugawia chuo cha huku, ofisini kwetu hakuna aliyelala, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye ikama ya hospitali, yaani nafasi za kudumu.

MswahiliNashville:
Niongezee kitu toka huku niliko. Hata Marekani kwenyewe mwanamke mweusi anakufa kwa saratani ya matiti karibu 40% zaidi ya mzungu, wakati wanaougua ni wachache kidogo kuliko wazungu. Wakaona vyuo vikubwa haviwezi kulitafiti hilo peke yao, hapa Nashville Meharry, chuo cha kihistoria cha weusi, kinashirikiana na Vanderbilt na Tennessee State. Kwenye mpango huo wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani kila chuo kinapata fungu lake lenyewe na kina kiongozi wake wa mradi, kwa hiyo mdogo hasubiri mkubwa amgawie. Kwa nini sisi tusidai mkataba wa namna hiyo?

MkaziWaUpanga:
Mkuu wa Nashville asante sana, hiyo nilikuwa naitafuta. Na dada Kisumu sipingi waje, wala sisemi tuwafungie mlango, chanjo ya dozi moja ni ushindi mkubwa na nafurahi umeileta. Ila ule utafiti umebaki kwetu kwa sababu serikali zilikuwa na mfumo wa chanjo wa kuupokea. Mtaalamu wa patholojia, yule anayesoma bayopsi, aliyesomeshwa miaka minne atapokelewa na nani kama hakuna kibali cha ajira kinachomsubiri? Atarudi akute hamna nafasi, atazunguka Utumishi mwaka mzima, kisha atachukua kazi alikosomea, na mgonjwa wa Kigoma ataendelea kusubiri majibu ya bayopsi wiki kwa wiki huku ugonjwa unapanda hatua.

Kwa hiyo msimamo wangu: chuo kisisaini kumsomesha mtu bila wizara kusaini nafasi yake siku hiyo hiyo, na bajeti ya afya ikisomwa wabunge waulize kwa majina ya fani, mionzi, patholojia, fizikia ya tiba, waliosomeshwa na miradi wangapi wako kwenye ikama na hospitali gani.

MtuWaMaabara:
Waongeze na mafundi wa mashine mkuu, hao kila siku wanasahaulika.