Tupeane uzoefu: kazi yako kuibwa mtandaoni, au wewe kuripotiwa mwizi

Mkaazi wa Kibokoni
Salaam aleikum wadau. Kuna mafundi wawili wa video hapa mjini Mombasa wamefungiwa kurasa kwa malalamiko ya hakimiliki. Mmoja aliiba kweli, mwengine hakuiba. Leteni yaliyowafika, pande zote mbili. Majina ya watu na kampuni tusitaje, tusije tukazua kesi nyengine humu.

Mama Leso
Mie huchukua mzigo Biashara Street, napiga picha nyumbani juu ya mkeka. Ukatokea ukurasa unabeba picha zangu, wanabandika namba yao ya simu juu ya yangu. Moja mkono wangu umeonekana, hina ya harusi ya mdogo wangu ingali nyeusi kidoleni, nao wameandika "mzigo mpya umeingia"! Kuripoti nikajibiwa linki ya ukurasa haitoshi, wanataka ya kila picha. Nikazinakili moja moja, nikaambatanisha na picha zenyewe kama zilivyotoka kwenye simu, hazijakatwa pembe. Zikatolewa zote.

Dadangu akashikilia niwaripoti pia kwa kuuza leso zile zile. Nikamwambia picha ni yangu, leso si yangu. Pindoni pana alama ya mtengenezaji, Mali ya Abdulla, mie sijatajwa 😂

Ustadh Matari
Mie nilikuwa upande wa pili. Tulirekodi qaswida wenyewe, sauti zetu, matari yetu. Tulipoipandisha tu, dai likaingia kutoka kampuni ya nje tusiyoijua, ati inafanana na rekodi yao.

Hapa wengi huchanganya. Kwa YouTube, dai la mashine, yaani mfumo unaolinganisha rekodi wenyewe, mara nyingi huelekeza tu pesa za matangazo kwa mdai. Onyo (strike), video inapoondolewa kwa malalamiko ya mwenye haki, ndilo la kuogopa: matatu ndani ya siku 90, chaneli yaweza kufungwa. Dai ukilipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Wetu alinyamaza, likaanguka.

Video ikishaondolewa kwa onyo, pingamizi ni jambo zito zaidi. Jina na anwani yako vinafika kwa mlalamikaji, naye ana siku 10 za kazi kuonyesha amekwenda mahakamani, la sivyo video inarudi. Kama kazi si yako, usiguse mlango huo.

Meza ya Malalamiko
Nafanya kazi kwenye tovuti ya matangazo ya biashara, barua hizi hupita kwangu. Kumi la mwisho la Ramadhani ndipo tunapokoma, hasa wauza madera: mtu ataka tangazo la mwenzake lishuke kabla ya Idi. "Ondoeni haraka hii ni yangu." Linki hana, picha ya asili hana, hata jina kamili hana.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ilirekebishwa 2019 ikaweka njia ya kuomba kazi iliyoibwa iondolewe mtandaoni. Notisi iwe ya maandishi, ieleze kazi yenyewe na mahali ilipo, iwe na kiapo kwamba wewe ndiwe mwenye haki, na nakala ziende pia kwa Bodi ya Hakimiliki na Mamlaka ya Mawasiliano. Ikitimia, mtoa huduma wa mtandao ana saa 48 za kazi kuitoa, isipokuwa aliyelalamikiwa alete pingamizi. Na notisi ya uongo ni kosa la jinai: faini hadi shilingi 500,000, au jela hadi miaka 5, au vyote viwili. Nikishawaandikia hilo la mwisho, wengi hawarudi.

Bi Kamera
Yangu ilikuwa na mpambaji wa kumbi. Alichukua picha zangu za jukwaa la bibi harusi, akazitangaza bila jina langu. Nikaripoti. Akaja juu: "Nimepewa na bibi harusi mwenyewe, picha ni zake, kakulipa!"

Wallahi neno lake halikuwa la kipuuzi. Wakili aliniuliza jambo moja tu, tuliandikiana? Maana kifungu cha 31 cha hiyo Sheria ya Hakimiliki chasema kazi ukiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwake yeye aliyeagiza, ila mkiwa mmekubaliana vyengine. Kamera yako, jicho lako, usiku kucha umesimama, na bado picha ni za mwenye harusi. Bahati mkataba wangu una mstari huo, nikaupeleka, picha zikashuka.

Baadaye akanipigia. Tukapatana azirudishe na jina langu chini. Msimu wa harusi sote tunakutana kumbi zile zile, ugomvi utatufaa nini?

Mkaazi wa Kibokoni
Bi Kamera, na kama hamkuandikiana?

Bi Kamera
Basi kaka, bibi harusi aweza kukuripoti hata wewe uliyepiga.

Fundi Likoni
Dada tafadhali tubandikie huo mstari, Jumamosi nna harusi Mtongwe.

Bi Kamera
"Hakimiliki ya picha na video zote inabaki kwa mpiga picha. Mteja ana ruhusa ya kuzitumia na kuzigawa kwa familia, si kwa biashara." Wote wawili mtie sahihi kabla ya amana kulipwa. Na umpe nakala yake.